Mafundo Mia Moja Tisini na Nane

Rumonge, Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua ya mwisho mwisho imenyesha alfajiri kisha ikaondoka bila kuaga. Jua limetoka, ziwa limetulia, jirani anakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwa, na harufu yote imehamia chumbani kwangu. Asubuhi niliamka nikiwa na miaka thelathini na mitano. Sasa hivi, saa tisa alasiri, nina thelathini na minne.

Sijalewa. Nitaeleza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa mjini, kwenye lise, shule ya sekondari, darasa za mwisho. Tangu mwezi wa tatu nina karatasi ya burusi kwenye mkoba: miaka miwili ya kusoma fizikia ya anga, nje ya nchi, kila kitu kimelipwa. Diploma ninayo. Barua za kunisifu ninazo, moja imeandikwa na diregiteri wa shule mwenyewe ambaye huwa hamsifu mtu. Sharti lililobaki ni moja tu: hadi siku ya mwisho ya mwezi wa sita mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na mitano.

Na mimi hadi leo asubuhi sikujua kama nimeitimiza.

Watu ambao hawajawahi kuwa wakimbizi hudhani tarehe ya kuzaliwa ni kitu ambacho kila mtu anacho, kama pua. Mimi ninazo tatu. Ya kwanza iko kwenye kadi ya ukimbizi niliyopewa Tanzania: tarehe moja mwezi wa kwanza. Siku ya kuandikishwa, kila mtoto asiyekuwa na cheti alipewa tarehe hiyo hiyo. Nusu ya kijiji chetu cha wakimbizi tulikuwa tunazaliwa siku moja, na hakuna aliyetununulia hata andazi. Ya pili ni ya Baba: katikati ya mwezi wa pili. Ya tatu ni ya mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, anayelima huko Bugarama: kiangazi, wakati wa vumbi, mwezi wa saba au wa nane.

Kuhusu mwaka, wote wanakubaliana. Ugomvi uko kwenye miezi. Kwa kadi, nimeshapita umri. Kwa Baba, nimeshapita. Kwa mama mdogo, bado nimo.

Sasa hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, na nimejiahidi kuiandika bila kuipaka rangi.

Jumatano nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho jinsi ulimwengu unavyotanuka. Haimo hata kwenye programu, niliichomeka mwenyewe baada ya kumaliza somo la mwanga, kwa sababu naipenda. Niliwaambia kwamba makundi ya nyota yanaachana, na kadiri kundi lilivyo mbali nasi ndivyo linavyokwenda mbio zaidi. Swali ni mbio kiasi gani. Wanaoanza na ule mwanga mkongwe kuliko wote, uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, wanapiga hesabu kuja mbele na kupata kama kilomita sitini na saba kwa sekunde kwa kila hatua moja kubwa ya anga, hatua ambayo mwanga wenyewe unaivuka kwa miaka zaidi ya milioni tatu. Wengine wanapanda ngazi. Wanapima nyota za karibu zinazong'aa na kufifia kwa mpigo, kwa hizo wanapima nyota zinazolipuka mbali zaidi, na kwa hizo wanafika mbali kabisa. Hao wanapata kama sabini na tatu. Wapo waliotumia njia nyingine wakaangukia katikati. Na tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kutoka kwenye mwendo huo ndipo tunapata umri. Ukiongeza mwendo, ulimwengu unakuwa kijana zaidi.

Desire, anayekaa dawati la mbele na hapendi kupoteza muda, akainua mkono. "Madamu, sasa mu mtihani tuandike ngapi?"

Nikatoa hotuba. Nilisema hakuna upande unaodanganya. Nilisema watu wawili waangalifu wakipima kitu kimoja wakapata majibu mawili, usikimbilie lile unalolipenda, muulize kila mmoja alianzia wapi na alipita wapi, hatua kwa hatua. Nikajiona mtu.

Jioni ile ile nikarudi nyumbani nikamwambia Baba kwamba amekosea kuhesabu.

Baba ana kamba. Ni uzi mnene wa nyavu, mweusi, umekunjwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa koti lake, na una mafundo mia moja tisini na nane. Nimeyahesabu tangu utotoni, ndiyo yaliyonifundisha kuhesabu kupita mia. Nilipozaliwa yeye hakuwepo. Alikuwa anavua upande wa Kigoma, mama alikuwa kijijini kwetu wakimbizi, huko ndani, mbali na ziwa. Habari ilimfikia baada ya siku kama kumi, wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa taa wanaijua vizuri mbalamwezi: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa ufukweni, watu wanashona nyavu na kulala usingizi wao wa mwezi mzima. Siku hiyo akafunga fundo la kwanza. Mbalamwezi iliyofuata akafunga la pili. Akaendelea hivyo mpaka siku tuliyorudishwa Burundi, katikati ya mwezi wa nane, mbalamwezi nyingine ikiwa karibu kujaa, na ile siku haina ubishi kwa sababu iko kwenye karatasi za kurudi, na muhuri juu yake.

Mia moja tisini na nane, gawa kwa kumi na mbili, ni miaka kumi na sita na nusu. Rudi nyuma kutoka mwezi wa nane, unafika mwezi wa pili. Kwetu nyumbani mimi nimezaliwa mwezi wa pili tangu nijitambue.

Ila mama mdogo ndiye aliyenipokea kwa mikono yake, na yeye hataki hata kuisikia hiyo Februari. Anasema nyumba haikuwa na paa. Walikuwa wameondoa nyasi kuukuu, mpya zimekatwa, zimelazwa nje, uchungu ukamkamata mama kabla hawajaezeka. Nyasi za kuezeka hukatwa kiangazi zikiwa zimekauka, na hakuna mwenye akili anayefunua nyumba yake mvua inanyesha. "Ulizaliwa unatazama mbingu," huwa ananiambia. "Februari gani hiyo ya kulala bila paa?"

Baba akisikia hayo hujibu kwa upole, "Mimi sikuwepo, shemeji, lakini kamba ilikuwepo." Basi hapo mazungumzo yanakufa. Akija na maharage yake kutoka Bugarama wanasalimiana vizuri tu, amahoro, amahoro, kisha kila mmoja anatafuta kigoda chake.

Mimi Jumatano nilikuwa nimeshachagua. Nilimchagua mama mdogo. Sikumchagua kwa sababu nimepima ushahidi, nilimchagua kwa sababu tarehe yake inaniweka ndani ya burusi. Nikasimama mbele ya Baba na mkoba wa chaki begani nikamwambia kamba yake haiaminiki, huenda kuna miezi alichoka akafunga mara mbili. Nikaona haitoshi. Nikaongeza kwamba uzi wa nyavu ndio utakaoninyima maisha yangu.

Aliikunja kamba, akairudisha mfukoni, akaniuliza kama nimekula.

Baba ni mtu anayesemesha hata mbuzi wa watu njiani. Tangu Jumatano hiyo nilikuwa napata "ndiyo" na "hapana", na maji ya kuoga ya asubuhi ananiwekea kama kawaida, kama mimi ninavyomwekea ya jioni, jambo ambalo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilimwita baba yangu mwongo kwa maneno ya heshima. Hakuna namna nyingine ya kuliandika hilo.

Alhamisi nikawa nasahihisha karatasi za wanafunzi. Mmoja ameandika kwamba wanasayansi wachukue sabini, katikati, wamalize ugomvi, watu walale. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona kwamba kama ni hivyo, na mimi kati ya mwezi wa pili na wa nane nimezaliwa mwezi huu wa tano, na hakuna aliyenikatia keki. Katikati ya makosa mawili si lazima iwe kweli. Na katikati ya kweli na kosa ndiyo kabisa haifai. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: Kwa nini sabini? Nani ameipima? Halafu nikaona swali lile lilikuwa langu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Zaina, fundi wangu wa nguo, mtaa wa Waislamu nyuma ya soko. Kuna harusi ya mwalimu mwenzangu, nimepeleka kitenge, ilikuwa siku ya kupima. Nilimkuta amezungukwa na vitambaa hadi kiunoni, Idi ya kuchinja iko mlangoni na kila mteja anataka ya kwake kesho. Alikuwa ananipachika pini mkono wa kushoto huku analalamika, na kwa kweli sikuwa namsikiliza.

"Idi haina huruma, Madamu. Kila mwaka iko inanisogelea, siku kumi, siku kumi na moja. Nilipofungua hapa, hii Idi ilikuwa inaangukia mwezi wa kumi na moja. Leo ona, iko mwezi wa tano. Nikisema nina mwaka muzima wa kujitayarisha, sina."

Nikamwuliza kwa nini inasogea. Niliuliza kwa adabu tu, kujaza nafasi.

"Si inafuata mwezi wa juu," akasema na pini mdomoni. "Mwezi wa juu si wa kalenda. Ukihesabu kumi na mbili ya juu, mwaka wa wazungu bado haujajaa."

Niligutuka pale pale. Mama Zaina akadhani amenichoma.

Nina diploma ya fizikia. Najua kwamba kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ni siku ishirini na tisa na nusu, nimelichora jambo hilo ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kulichora nimefumba macho. Nimeishika ile kamba tangu utoto. Sikuwahi hata siku moja kuviweka pamoja. Baba hakuwa anafunga miezi ya kalenda. Alikuwa anafunga mbalamwezi. Na kila mwaka, kumi na mbili zake zilikuwa zinapungukiwa na siku kumi na moja, na miaka kumi na sita ya kupungukiwa siku kumi na moja ni karibu nusu mwaka.

Nilitoka mbio. Nilipofika barabarani, hapo minibasi za Nyanza-Lac zinapopakia, ndipo nikagundua kwamba nimevaa gauni lenye mkono mmoja, na pini zinang'aa ubavuni. Wanafunzi wangu wawili waliniona. Jumatatu itakuwa habari ya shule nzima. Haidhuru.

Nyumbani nikachukua bahasha, nikapiga hesabu mgongoni mwake. Mia moja tisini na nane mara ishirini na tisa na nusu: siku elfu tano mia nane arobaini na moja. Miaka kumi na sita: siku elfu tano mia nane arobaini na nne.

Tofauti ni siku tatu.

Nikarudia hesabu. Siku tatu. Fundo la kwanza lilifungwa katikati ya mwezi wa nane, na mimi nilizaliwa siku kama kumi kabla yake. Kiangazi, vumbi, nyumba haina paa. Kamba ilikuwa sahihi na paa lilikuwa sahihi. Kilichokosea ni ile kumi na mbili, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitilia shaka kwa sababu kila mtu anajua mwaka una miezi kumi na mbili.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba anashona wavu wa mtu wa Magara. Nikachuchumaa mbele yake na gauni langu bovu.

"Baba, kamba yako haijakosea."

"Najua," akasema, hakuinua macho.

Nikamweleza taratibu. Safari hii niliuliza, sikushtaki. Ile kumi na mbili ilitoka wapi? Akasema siku tuliporudi, karani wa kule mpakani ndiye aliyegawa kwa kumi na mbili na kumwambia mwezi wa pili, na yeye akaona karani amesoma. "Mimi nilikuwa nafunga tu," akasema. "Kugawa sikugawa mimi."

Ikabaki kitu kimoja cha kukihakikisha, na nilikiogopa. Najua aliwahi kulazwa hospitali karibu mwezi mzima nilipokuwa mdogo. Fundo moja likikosekana nasogea hadi mwezi wa saba, bado nimo. Yakikosekana mawili, natoka. Nikamwuliza mwezi ule ilikuwaje.

Akatoa kamba. Aliipitisha vidoleni bila haraka, akasimama mahali, akanipa nishike. Lilikuwa fundo dogo kuliko mengine, limekazwa sana, limepinduliwa upande mwingine. "Hili la mama yako," akasema. "Alikuja kuniangalia hospitali, akaiona iko chini ya mto, akaniuliza leo si mbalamwezi? Akafunga yeye."

Miaka yote nimeyahesabu yale mafundo, sikujua kwamba moja ni la mama. Nilikuwa na miaka tisa alipofariki. Nina picha yake moja, ya pasipoti, na sura imeanza kufutika. Nililia pale pale chini, kwa sauti, na Baba akaniacha nilie, akaendelea kushona wavu. Nilipomaliza nikamwomba msamaha. Akasema, "Umekula?" Kisha akacheka kidogo, na nikajua amenisamehe.

Halafu akaomba simu yangu, ampigie shemeji yake Bugarama. Nilimbonyezea namba nikijua fika kwamba miaka yote hii hajawahi kumpigia. Akaishika mbali na sikio kama anavyofanya, kwa hiyo nikasikia yote.

"Shemeji, lile paa lilikuwa wazi kweli."

Mama mdogo akasema, "Nilikuwa nakwambia. Na ilikuwa Jumapili. Kwaya ilikuwa inapita inaimba, wakasimama mlangoni. Hilo hukuwahi kuniuliza."

Jumatatu wote wawili wanakuja komine, ofisi ya serikali ya hapa, kunitolea ushahidi, ili nipate cheti chenye tarehe inayoeleweka. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Mama mdogo atapanda basi la asubuhi, na Baba ameshaniagiza nimnunulie samaki mzuri wa kumkaribisha. Sijui watakaa benchi moja. Nadhani watakaa.

Nimewaza na wale wa sitini na saba na sabini na tatu. Sitaki kujidanganya kwamba ugomvi wao utamalizwa na fundi cherehani wa Rumonge. Wao wamezikagua kumi na mbili zao mara nyingi kuliko nilivyoikagua mimi ya kwangu, wamerudia vipimo kwa vyombo vipya, na tofauti bado ipo. Huenda kosa lipo kwenye ngazi, kipande kimoja kisichoonekana. Huenda hakuna kosa popote, na kuna jambo angani ambalo bado hatujalijua. Nikiyafikiria hayo siku hizi moyo unanienda mbio kwa furaha. Watu waangalifu wako pande zote mbili, na hakuna anayehitaji kuwa mwongo. Jumatatu mchana nitamwambia Desire aandike zote mbili, na chini yake aandike kila moja imepatikanaje.

Sasa nimebaki na fomu ya burusi mezani, na kuna jambo jingine la kuungama.

Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikiwaambia watu, "Kama si umri, ningekwenda." Nimelisema kwa walimu wenzangu, kwa Mama Zaina, kanisani. Wananionea huruma, na mimi naipokea. Ni sentensi tamu sana. Haikulazimishi kufanya kitu. Leo, nilipoona zile siku tatu mgongoni mwa bahasha, furaha ilikuja kwanza, na nyuma yake ikaja hofu, hofu hasa. Nitakaa darasani na vijana wa miaka ishirini na mitatu ambao hisabati bado ni moto kichwani mwao. Baba atawekewa maji na nani? Na kama nikishindwa, nitarudi hapa na sura gani?

Kumbe sehemu ya moyo wangu ilikuwa inaitaka ile Februari. Nilimlaumu Baba kwa ajili ya tarehe ambayo, kisirisiri, ilikuwa inanificha.

Baba nimemwuliza hilo la maji. Ameniambia alikuwa anaoga kabla sijazaliwa.

Nimejaza fomu yote isipokuwa tarehe, hiyo inasubiri muhuri wa Jumatatu. Swali la mwisho linauliza kwa nini ninaomba sasa, katika hatua hii ya maisha yangu, na wameacha mistari kumi ya kujieleza. Nimetumia mmoja.

Nimeandika: Kwa sababu sijachelewa.